Daraja la Njia ya Mbega

Watu wanane walivuta kamba tangu umande haujakauka, na ilipofika saa nne asubuhi ule mti ukang'oka kwenye tope la bondeni kwa kishindo kilichowaangusha wawili kati yao. Sajini Melkiory Kahigi, mpelelezi aliyetumwa kutoka Bukoba, alikuwa ukingoni amekunja suruali hadi magotini. Aliwaambia waulaze mti kwenye nyasi, wasiuguse tena.

Ulikuwa mti wa msambya, mnene kama paja la ng'ombe, nao kwa miaka mitano ulikuwa daraja. Kila Jumamosi lori lilileta wageni kutoka Bugene na Kayanga, waalimu, makarani, wauguzi, wakaja kutembea siku moja mlimani Nyakaziba, juu ya njia ya Nyakakika. Walianza kwa chai katika bustani ya maua ya mjane mmoja aitwaye Felicitas, kisha wakavuka bonde kwenda msituni kuwatazama mbega, na jioni wakarudi makwao na mashada mikononi. Jumamosi iliyopita kiongozi wao, kijana Egbert, alitangulia kukanyaga daraja kama kawaida yake. Alipofika katikati mti ukakatika. Bonde lile kina chake ni nyumba mbili zilizopandana, na chini ni mawe na tope. Wageni kumi na wawili walimwona akienda.

Jioni ile ile mkungu wa gombolola, chifu mdogo wa eneo lile, alimfungia stoo mzee Kashaija, aliyekuwa kiongozi wa wageni kabla ya Egbert. Jumapili Egbert akazikwa, na Kashaija akatia dole gumba kwenye karatasi ya maungamo. Jumatatu alfajiri Kahigi akafika, akapewa karatasi ile, akaisoma mara moja, akaitia mfukoni, akaomba kamba na watu wanane.

Sasa alipiga magoti mbele ya mti. Upande wa juu gome lilikuwa limelainishwa na nyayo za miaka. Akaugeuza. Upande wa chini palikuwa na tope lililokauka, limejazwa kwenye mwanya ulionyooka. Alilibandua kwa kisu, na ndani yake mkono wake ukapita juu ya mkato laini uliofika zaidi ya nusu ya unene. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyuzi zilizochanika.

"Msumeno," alisema konstebo wake, Byabato.

"Msumeno. Kutoka chini, ukazibwa kwa tope." Kahigi akaitoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti: "'Mimi Kashaija nilimwonea Egbert wivu kwa kuninyang'anya kazi. Nilikata mti wa daraja kwa msumeno, upande wa chini ili asione, nikaziba kwa tope.'"

Byabato akapiga makofi. "Basi, afande. Karatasi na mti vinasema neno moja. Tunaweza kulala Bukoba kesho."

Kahigi alikuwa akiutazama ule mkato. Kando ya ulaini wake, kila baada ya upana wa kidole, palipita mfereji mwembamba, kana kwamba msumeno ule ulikuwa na jino moja lililopinda.

Aliwauliza wale wavutaji mmoja mmoja. Wanne kati yao ndio walioshuka Jumamosi kumtoa Egbert. Je, mti waliugusa? Hapana. Waliuona ulipokatika? Hapana, ulikuwa umezama kichwa chini kwenye tope, nao walikuwa na maiti mikononi. Basi walidhani daraja lilianguka vipi? Wawili walidhani Kashaija alichimba udongo ukingoni. Mmoja alidhani panga. Wa nne alisema alidhani Mungu.

*

Stoo ya gombolola ilinuka kahawa mbichi. Kashaija alikaa juu ya gunia, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, na hakuinuka.

"Shikamoo, mzee," Kahigi alisema, kisha akaendelea kwa Kihaya, naye mzee akajibu kwa Kinyambo. Lugha hizo ni ndugu wa karibu. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Marahaba. Umekuja kuninyonga?"

"Nimekuja kuuliza. Ulimwonea wivu Egbert?"

"Sana."

Byabato alikohoa. Kahigi akamwashiria anyamaze.

"Nieleze."

"Niliwapeleka wageni tangu Mama Felicitas alipopanda ua la kwanza," Kashaija alisema. "Nilijua mbega wanalala wapi, wanashuka saa ngapi kunywa maji. Wageni walisema asante mzee, wakaenda. Akaja huyu kijana aliyesoma misheni. Akawaambia mbega hana dole gumba, ana vidole vinne tu. Wageni wakashangaa! Mimi nimeishi nao maisha yangu yote, sikuwahi kuhesabu vidole vyao. Kuna kitabu pale bustanini cha wageni kuandika. Wakaandika Egbert, Egbert, Egbert. Jina langu halimo hata ukurasa mmoja, niliomba nisomewe. Akipita na wageni wake karibu na kibanja changu cha migomba, mimi naingia ndani nafunga mlango."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kibanjani. Nikasikia kelele, nikakimbia. Nilipochungulia na kumwona chini, waitu, bwana, kabla ya kitu kingine chochote nilifurahi. Kitambo kidogo tu, kama mtu anavyopiga chafya. Kisha nikalia. Hilo karani hakuliandika. Andika wewe."

Kahigi aliliandika. Kisha akauliza, "Mti wa daraja, nani aliukata?"

"Mimi."

Byabato akamtazama sajini kwa jicho la kusema, haya.

"Uliukata lini, mzee?"

"Mwaka ule bustani ilipofunguliwa. Niliuangusha kwa shoka, nikaulaza juu ya bonde na vijana wanne, wageni wapite. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa Mama Felicitas."

"Na karani ulimwambia hivyo?"

"Aliniuliza, nani alikata mti wa daraja? Nikasema mimi. Akaniuliza, ulimwonea Egbert wivu? Nikasema ndiyo. Akaandika muda mrefu kuliko nilivyosema. Akaniambia weka dole hapa."

"Una msumeno?"

"Msumeno ni wa mafundi na wa watu wanaopogoa mibuni kwa utaratibu. Mimi nina shoka, panga na mkuki wa baba yangu. Nenda katazame."

Walikwenda, wakatazama. Walikuta shoka, panga na mkuki.

"Angeweza kuazima," Byabato alisema walipokuwa wakitoka kibanjani.

"Angeweza. Basi twende kwa anayeazimisha."

*

Mama Felicitas aliwapokea kwenye lango la bustani yake akiwa na kisu cha kukatia maua. Nyuma yake waridi na dalia zilishuka ngazi kwa ngazi hadi palipoanza msitu, na mbali kabisa, kwenye uwanda, kundi la nyamera lilikuwa limesimama kama limechorwa. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Viti vilikuwa vimelazwa juu ya meza.

"Kashaija hajawahi kuazima msumeno kwangu," alisema. "Hajakanyaga hapa tangu Egbert aanze kazi. Ana kiburi, lakini ukimpa kitu anakirudisha."

"Msumeno unao?"

"Wa kupogolea mibuni. Unakaa bandani kwenye msumari wake." Aliwatangulia hadi kibandani, akauteremsha. "Na kama si wewe kuuliza, Sajini, ningekuwa nimeshasahau kwamba Jumamosi asubuhi niliukuta umelowa. Mimi siachi chuma kilale na maji. Niliwagombeza vibarua wangu, nao wakaapa hawakuushika, kwa kuwa Ijumaa walikuwa msibani wote. Kisha Egbert akaanguka, nani tena akumbuke msumeno."

Kahigi aliushika mbele ya mwanga. Jino la tisa kutoka kwenye mpini lilikuwa limepinda nje.

Alirudi nao bondeni. Akachagua sehemu nzima ya ule ule mti, akakata kina cha vidole vitatu, akapuliza vumbi. Kando ya mkato mpya palipita mfereji mwembamba, kila baada ya upana wa kidole. Byabato aliuweka mkono mmoja kwenye mkato wa zamani na mwingine kwenye huu mpya, akaacha kuzungumzia habari ya kulala Bukoba.

Walipopanda tena bustanini Kahigi aliuliza, "Ijumaa nani alikuja hapa, mama?"

"Siku ya kazi hawaji watu. Alikuja karani tu."

"Karani yupi?"

"Protase, wa gombolola. Alisema mkungu anataka kujua wageni ni wangapi kwa mwezi, nikampa kitabu cha wageni. Mvua ikanyesha, nikamwacha bandani akisoma. Alisoma, Sajini! Kidole kwenye kila mstari. Mvua ilipokatika alisema anakwenda kunyoosha miguu njia ya mbega. Akarudi saa kumi na moja na tope hadi viwiko. Alisema aliteleza. Nilimpa maji ya kunawa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Alitazama mikono yake, akaiweka mbali na mwili.

Kahigi aliomba kitabu. Kilikuwa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Wageni wengi waliandika mstari mmoja: hewa nzuri, maua mazuri, asante Egbert. Lakini mwandiko mmoja wa wino wa bluu ulirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, na ulijaza kurasa. *Leo mtoto wa mbega ana siku chache tu, mweupe pe kama unga wa muhogo. Mama yake alimkumbatia tulipokohoa.* Na mbele zaidi: *Mkia umeanza kuingia kijivu. Egbert anasema kabla ya mavuno hatutamtofautisha na wenzake. Nimemwambia mimi nitamjua.* Mwisho wa kila habari palikuwa na jina moja: Joviana.

"Joviana ni nani?" Kahigi aliuliza, ingawa alikwisha kukisia.

"Mke wa karani," Felicitas alisema.

*

Nyumba ya karani ilikuwa ya bati, nyuma ya gombolola, na madirisha yake yalifungwa ijapokuwa ilikuwa mchana. Joviana alimkaribisha Kahigi barazani. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtu wa Muleba, mwenye kuzungumza taratibu.

"Bibi Joviana, nitakuuliza bila kuzunguka. Kulikuwa na jambo kati yako na marehemu Egbert?"

"Kulikuwa na mbega," alisema. Alipoona Kahigi anasubiri, akaendelea. "Sina ndugu huku, Sajini. Mume wangu akitoka kazini anauliza nani alipita, nani alinisalimia, kwa nini dirisha lilikuwa wazi. Waalimu wa kike walimwombea ruhusa, niende nao mlimani Jumamosi moja. Akakubali, kwa sababu walikuja wengi na aliona haya kukataa. Siku hiyo mtoto wa mbega alikuwa amezaliwa. Wanazaliwa weupe, ulijua? Halafu wanageuka kidogo kidogo. Nilitaka kumwona anavyogeuka. Ndiyo hayo tu."

"Mumeo alijua hivyo?"

"Nilimweleza. Akaniuliza kama Egbert ana meno yote. Nikasema sijamtazama meno. Akasema, basi umemtazama nini."

"Ijumaa alirudi nyumbani akiwaje?"

"Amelowa. Alikuwa na tope kwenye mikono ya shati, nikalifua usiku ule ule, kwa sababu alisimama pale akingoja nilifue."

"Na Jumamosi? Jina lako sikuliona kati ya wale kumi na wawili."

"Nilikuwa nimeshafunga kitambaa kichwani, lori linapiga honi. Akasema nisiende, kichwa kinamuuma, nimkande. Hajawahi kuumwa kichwa tangu tuoane." Aligeuza kiti chake, akamtazama. "Sajini. Kwa nini unauliza habari za Ijumaa?"

Kahigi alimwambia. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo kama lile, naye hakutafuta.

Joviana aliinuka, akafungua dirisha la mbele, kisha la pili, kisha akaingia ndani akafungua yote, mpaka nyumba nzima ikawa wazi na mapazia yanapepea. Aliporudi alisema, "Lile shati limekauka. Ukilitaka, mkono wa kulia una madoa ya gome. Nilisugua yakakataa kutoka."

"Nitalihitaji."

Akaenda kulileta.

*

Ofisi ya karani ilikuwa na meza moja, mihuri miwili na kalamu zilizopangwa kwa urefu wake. Protase alikuwa mtu nadhifu wa miaka thelathini na mitano, nywele zimechanwa njia upande. Alisimama Kahigi alipoingia, akamvutia kiti.

"Nimesikia mmeutoa mti, Bwana Sajini. Nadhani mmeona ni kama alivyoungama mzee."

"Ni kama ilivyoandikwa," Kahigi alisema. Akaweka karatasi ya maungamo mezani. "Hii uliiandika Jumapili?"

"Jumapili baada ya ibada. Tarehe iko hapo."

"Mlikuwa wangapi chumbani?"

"Mimi na mzee."

"Hapa panasema msumeno. Panasema upande wa chini. Panasema tope. Alisema mwenyewe?"

"Neno kwa neno."

"Karani, mimi nimelijua la msumeno leo saa nne asubuhi. Waliomtoa Egbert hawakulijua. Mkungu hakulijua, hadi sasa anadhani ni panga. Jumapili ule mti ulikuwa umezama kichwa chini kwenye tope, na duniani kote palikuwa na mtu mmoja anayejua umekatwa kwa kitu gani na upande upi."

"Ndiyo. Kashaija."

"Kashaija aliniambia aliuangusha ule mti kwa shoka miaka mitano iliyopita, na ndilo jibu alilokupa wewe. Mengine uliyaongeza. Ulitaka karatasi iwe nzuri, ikawa nzuri kupita kiasi."

Protase alitabasamu kidogo. "Ni neno la mzee asiyejua kusoma na neno langu."

Kahigi akamwita Byabato. Byabato akaingia na vitu viwili, akaviweka mezani juu ya mihuri: msumeno wa Mama Felicitas, na shati jeupe lililopigwa pasi, mkono wake wa kulia ukiwa na madoa ya kahawia.

Karani aliuruka msumeno kwa macho. Alilitazama shati. "Hili umelipata wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nani amekupa?"

"Mkeo."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alikaa chini polepole, akazigusa kalamu zake moja moja.

"Kurasa kumi na moja," alisema. "Nilizihesabu. Mimi na yeye tulichumbiana miaka miwili, yeye Muleba, mimi huku. Aliniletea barua nne, na kila moja ilikuwa salamu na hali ya hewa. Nikadhani si mtu wa maneno. Kumbe anayo! Kurasa kumi na moja, Sajini, za nyani mmoja. Na Egbert anasema hivi, na Egbert anasema vile, na nimemwambia Egbert. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningemuuliza anihadithie habari za mbega."

"Unasema hivyo kwa sababu si wako."

"Egbert alikuwa na mama, Karani. Jana alimfukia mwanawe. Na yule mzee ulikuwa unampeleka kwenye kamba."

"Mzee alikuwa na wivu kweli," Protase alisema upesi, kama mtu anayedai haki. "Sikumsingizia wivu."

Kahigi alichukua karatasi tupu, akaisogeza mbele yake, akamchagulia kalamu ndefu kuliko zote. "Andika mwenyewe. Usiongeze, usipunguze."

Karani aliandika kwa nusu saa, mwandiko mzuri usiotetemeka. Ijumaa, banda, msumeno, mti alioulalia kifudifudi akiukata kwa chini, tope alilozibia. Alitia sahihi, akakausha wino, na kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua muhuri. Byabato akausogeza mbali.

Nje, mlango wa stoo ulifunguliwa. Kashaija alipita uani bila kumtazama mtu. Alishika njia ya kilimani, upande wa kwa mama yake Egbert.

Byabato alimfunga karani pingu. Walipofika mlangoni Protase akasimama.

"Niambie kweli, Sajini. Nimeshaandika, huna cha kupoteza. Kulikuwa na jambo kati yao?"

"Hapakuwa na jambo."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Na kitabu. Na waalimu wa kike walikuwa nao kila Jumamosi."

Protase alitikisa kichwa, si kwa kukubali. Alimtazama Kahigi, akaanza kwenye viatu, akapanda taratibu kwenye vifungo vya shati, kwenye mabega, kwenye mdomo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya kirafiki.

"Mlikaa barazani au ndani?"

"Barazani."

"Muda gani?"

Kahigi alikuwa ameulizwa maswali mengi na watu waliofungwa pingu, na hakuwa na mazoea ya kuyajibu. Lakini alijikuta akipiga hesabu. "Si mrefu."

"Si mrefu," Protase alirudia. "Na akakuambia yote hayo. Na shati langu akakupa. Wewe mgeni, siku ya kwanza." Alisogea mpaka mnyororo wa pingu ukakaza mkononi mwa Byabato. "Alicheka?"

Na Sajini Kahigi, mwenye konstebo kando yake na maungamo yaliyotiwa sahihi mfukoni, akarudi nyuma hatua moja.